Kuaga, Kuagana na Buriani: Mwisho wa Masomo Ugenini kwa Wanafunzi wa Pwani ya Cabo Delgado

Usiku wa mwisho wa muhula, wenzangu wa chumba pale Mlimani walinunua chipsi mayai na soda, wakatandika gazeti juu ya meza, tukaketi watu saba katika chumba cha watu wanne. Mmoja wao alisimama akasema maneno machache ya kuniaga. Alipomaliza, akaniuliza kwa utani: "Kaka, ukifika nyumbani mama atakupikia nini?" Nikajibu, samaki. Wote wakacheka, kwa sababu muhula mzima nilikuwa nikilalamika juu ya samaki wa kantini.

Sikuwaambia kwamba sikujua samaki huyo angepikwa katika nyumba gani. Kwetu ni Palma, mji wa pwani ulio karibu na mdomo wa mto Ruvuma. Mji huo ulishambuliwa tarehe 24 Machi 2021. Watu walitawanyika, wengine kwa miguu kuelekea rasi ya Afungi, wengine kwa boti na majahazi hadi Pemba. (Nasema Pemba ya Msumbiji, makao makuu ya mkoa wa Cabo Delgado, si Pemba ya karafuu. Muhula mzima nililazimika kulifafanua hilo.) Mama yangu na bibi yangu walikuwa miongoni mwa waliofika Pemba. Baadhi ya majirani wamekwisha kurudi Palma. Bibi anasema hatarudi mpaka aone mtu wa rika lake amerudi na amelala huko mwezi mzima.

Insha hii imetokana na swali lile la chipsi. Nilikwenda Dar es Salaam kusoma Kiswahili, na nikajikuta nasoma historia ya watu wa kwetu waliowahi kusoma huko kabla yangu, na hasa jinsi walivyoondoka.

Nianze na maneno yenyewe, maana ndiyo yaliyonipa njia. Darasani tulifundishwa kwamba kuaga ni kitendo cha mmoja na kuagana ni kitendo cha wawili, na kwamba kiambishi -an- hakikubali kukaa peke yake. Lipo neno la tatu, buriani. Wenzangu wa Dar es Salaam hulisikia zaidi kwenye misiba. Bibi yangu hulitumia kila mtu anapofunga mzigo. Kwake yeye kutakana buriani ni kuombana radhi kwa yote yaliyopita kati yenu, madogo na makubwa, kwa sababu anayesafiri huenda asirudi na anayebaki huenda asikutwe. Baada ya hapo ndipo mtu husindikizwa, na anayesindikiza hageuki kurudi mpaka msafiri ameanza kutoonekana.

Vitabu vyetu vya historia vinawataja sana wanafunzi waliosindikizwa. Waliokwenda na ngoma na bendera tunazo picha zao. Lakini kundi kubwa la kwanza la wanafunzi wa Msumbiji kusoma Dar es Salaam lilitawanyika mwaka 1968 bila kuaga wala kuagana, na mpaka leo hakuna aliyemtaka mwenzake buriani. Hao ndio ninaowaandikia.

Kwanza, hata neno ugenini lina shida katika pwani yetu. Palma zamani ilijulikana kama Tungi, na Sultani wa Unguja alikuwa na mtu wake huko. Wajerumani na Wareno walikubaliana juu ya mpaka wa Ruvuma mwishoni mwa 1886, na miezi michache baadaye, mapema 1887, Wareno waliichukua Tungi kwa nguvu. Mwaka 1894 Wajerumani wakavuka mto wakajitwalia Kionga, kipande kidogo cha ardhi upande wa kusini. Wareno wakakichukua 1916 wakati wa Vita Kuu, na Mkataba wa Versailles wa 1919 ukawaachia. Mtu aliyezaliwa Kionga mwaka 1880 na hakuhama nyumba alikuwa mtu wa Sultani, kisha wa Mjerumani, kisha wa Mreno. Ugeni ulimfuata yeye, si yeye aliyeufuata.

Wakati huo huo vijana wa pwani walikuwa wakisafiri kusoma. Aliyemaliza chuo cha kijijini na kutaka elimu zaidi alipanda chombo kwenda Unguja au Ngazija. Muhula wao haukupangwa na seneti ya chuo kikuu. Ulipangwa na upepo: unakwenda kaskazini na kusi, unarudi na kaskazi. Kwa hiyo siku ya kuagana ilijulikana mapema, na mwalimu na mwanafunzi walikuwa na majuma ya kujitayarisha. Elimu hiyo ndiyo iliyowapa watu wetu uwezo wa kuandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na barua za watawala wa pwani kwa magavana wa Kireno zimehifadhiwa hadi leo katika Hifadhi ya Historia ya Msumbiji, Maputo. Nataja hili kwa sababu wakati wa uhuru ilisemekana kwamba zaidi ya watu 9 kati ya 10 nchini hawakujua kusoma. Sina ugomvi na picha yenyewe, lakini nadhani mzee aliyesoma barua kwa hati za Kiarabu hakuhesabiwa.

Elimu ya Kireno kwa Waafrika ilikuwa mikononi mwa misheni za Kikatoliki, hasa baada ya makubaliano ya Ureno na Vatikani ya 1940. Waislamu wa pwani waliogopa watoto wao kubatizwa, wengi wakawazuia. Ndiyo maana shule ya sekondari ya kwanza ya wapigania uhuru ilipofunguliwa ng'ambo ya mto, watoto wa pwani walikuwa wachache kuliko Wamakonde wa uwanda wa Mueda na vijana wa kusini waliopitia misheni.

Shule hiyo ni Taasisi ya Msumbiji, iliyoanzishwa mwaka 1963 Dar es Salaam na kuongozwa na Janet Mondlane. Mumewe, Eduardo Mondlane, alikuwa rais wa Frelimo, chama kilichoundwa mjini humo humo tarehe 25 Juni 1962. Fedha za mwanzo, karibu dola 100,000, zilitoka Ford Foundation ya Marekani. Ureno ikalalamika, na msaada huo haukuendelea. Baadaye Sweden na wafadhili wengine wakasaidia. Majengo yalikuwa Kurasini, karibu na bandari.

Tufikirie mwanafunzi wa Kurasini alikuwa nani. Kama alitoka kusini, alikuwa amepita Swaziland, Bechuanaland na Zambia, na njiani aliweza kukamatwa na kurudishwa. Hilo lilimpata Josina Muthemba, ambaye safari yake ya kwanza mwaka 1964 iliishia mikononi mwa polisi na jela ya Wareno. Kama alitoka kwetu, alivuka Ruvuma kwa mtumbwi usiku, akafika upande wa Mtwara au Newala, akaendelea kwa miguu na malori. Vita vilipoanza tarehe 25 Septemba 1964 kwa shambulio la Chai, kurudi likizo hakukuwezekana tena. Mwanafunzi huyo alikuwa amekwisha kuwaaga wazazi mara moja, na kwa wengi hiyo ilikuwa kwaheri ya miaka kumi au zaidi. Aliyemsindikiza alifanya hivyo gizani, bila kunong'ona jina lake.

Alifuata nini? Hapa ndipo penye fundo. Kwa Frelimo, Taasisi ilikuwa sehemu ya vita: waliosoma walitakiwa kuwa walimu, wauguzi na makamanda katika maeneo yaliyokombolewa. Kwa wanafunzi wengi ilikuwa ngazi ya kwenda Marekani, Ulaya au Urusi kwa ufadhili. Wote wawili walisema wanasoma kwa ajili ya Msumbiji, na nadhani wote wawili walisema kweli. Mwaka 1966 uongozi ukaamua kwamba mwanafunzi anaweza kukatishwa masomo ili akahudumie mapambano. Wengine walikubali bila kuambiwa mara mbili. Josina, ambaye baada ya kufika Dar es Salaam mwaka 1965 alifanya kazi na Janet Mondlane pale Taasisi, alikataa nafasi ya kwenda kusoma Uswisi, na mwaka 1967 alikuwa miongoni mwa wasichana wa kwanza kupata mafunzo ya kijeshi Nachingwea. Alifunga ndoa na Samora Machel mwaka 1969 na kufariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, akiwa na umri wa miaka 25. Tarehe hiyo ndiyo Siku ya Wanawake wa Msumbiji. Kila mtoto wa shule kwetu anaijua habari yake.

Hatuzijui habari za wale waliotaka kuendelea kusoma. Waliulizana kwa nini watoto wa wakulima waende msituni wakati wengine wamekwisha kutumwa ng'ambo. Walilalamika juu ya walimu Wazungu wenye asili ya Ureno. Baadhi walitaka kufundishwa kwa Kiingereza badala ya Kireno. Mwaka 1967 alifika Padri Mateus Gwenjere kutoka Sofala, naye akawa msemaji wao. Mapema Machi 1968 ugomvi ukageuka vurugu usiku mabwenini. Polisi wakaitwa. Taasisi ikafungwa. Mwezi Mei ofisi ya Frelimo mjini ikavamiwa na mtu mmoja wa Kamati Kuu, Mateus Muthemba, akauawa. Walimu kadhaa Wazungu wakatakiwa kuondoka Tanzania. Baadhi ya wanafunzi wakapelekwa kambini, na wengi wakakimbilia Kenya. Mondlane mwenyewe aliuawa kwa bomu la kifurushi tarehe 3 Februari 1969.

Historia rasmi imelieleza jambo hili kwa muda mrefu kama njama ya wasaliti. Siandiki kuwatetea waliovamia ofisi na kuua. Lakini mtoto wa miaka kumi na saba aliyeruka dirisha la bweni usiku si lazima awe msaliti. Huenda alikuwa mtoto aliyeogopa. Na viongozi waliomtaka aende msituni hawakuwa wakatili kwa kumtaka. Walikuwa na vita vya kweli, na watu waliojua kusoma walikuwa wachache mno. Kilichokosekana ni nafasi ya kukaa na kuelezana, na usiku ule iliisha.

Nina sababu ya nyumbani ya kulisema hili. Mdogo wake babu yangu, ambaye kwa desturi namwita babu mdogo, alikuwa mmoja wa watoto wachache wa pwani pale Kurasini. Alitoka Kionga. Alikuwa amesoma misheni kwa jina la Kikristo na nyumbani aliitwa kwa jina lake la Kiislamu. Mwaka 1965 mama yake alimsindikiza hadi penye mikoko ya Ruvuma, na bibi yangu, aliyekuwa mke mpya katika ukoo, alibeba taa isiyowashwa. Anasimulia kwamba buriani ilitakwa pale pale matopeni, haraka, kwa sababu maji yalikuwa yakitoka na mtumbwi ungekwama.

Baada ya Machi 1968 hazikuja habari. Miaka mitatu baadaye ikaja barua kutoka Nairobi, imepita mikononi mwa wachuuzi wa samaki upande wa Mtwara. Aliiandika kwa Kiswahili na kwa hati za Kiarabu, ili mama yake asomewe na mwalimu wa chuo na si na mtu wa serikali. Barua hiyo ilikuwa katika sanduku la bibi mpaka Machi 2021, nayo iliungua pamoja na nyumba. Bibi anakumbuka kwamba hakueleza kwa nini aliondoka Dar es Salaam. Aliomba radhi kwa wenzake wa bweni, kwa sababu hakumwamsha hata mmoja. Bibi hulirudia hilo kila mara kwa mshangao: "Mtu anaandika barua kwa mama yake, anaomba radhi kwa wengine." Hakurudi, hata baada ya uhuru. Waliokimbia 1968 walijua jina walilopewa. Padri Gwenjere alikamatwa wakati wa uhuru na baadaye akauawa bila kesi mahakamani, kama Uria Simango, aliyekuwa makamu wa rais wa Frelimo.

Jambo moja lilinishangaza nilipokuwa nikisoma Mlimani. Mwaka ule ule wa 1968, wakati wanafunzi wa Msumbiji walipokuwa wakikimbia Dar es Salaam ili wasipelekwe Cabo Delgado, wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walivuka Ruvuma kwa hiari kwenda kuona maeneo yaliyokombolewa ya Cabo Delgado. Kiongozi wao alikuwa Yoweri Museveni, ambaye baadaye aliandika juu ya safari hiyo akitumia nadharia ya Frantz Fanon. Walikwenda, wakaona, wakarudi darasani kumaliza shahada zao. Siwalaumu. Ninachosema ni kwamba ni rahisi zaidi kuingia vitani ukiwa na tarehe ya kurudi.

Sekondari ya Frelimo ilifunguliwa tena mwaka 1970, safari hii Bagamoyo, mbali na mji. Mwisho wa ukaaji wao Tanzania ukawa wa fahari: tarehe 24 Mei 1975 Samora Machel alianza safari yake maarufu kutoka Ruvuma hadi Maputo, akipokewa na umati katika kila mkoa, na tarehe 25 Juni nchi ikawa huru. Hapo waliagana kweli kweli, Tanzania na Msumbiji, na walibeba mambo mengi ya huku. Joaquim Chissano alikuwa ameishi Dar es Salaam miaka hiyo, na mwaka 2004 alipohutubia Umoja wa Afrika kule Addis Ababa kwa Kiswahili, wakalimani walihangaika na wazee wa Palma walicheka kwa furaha. Baada ya uhuru vijana wengine walikwenda mbali zaidi: Kisiwa cha Vijana nchini Cuba kuanzia 1977, na Shule ya Urafiki huko Staßfurt, Ujerumani Mashariki, kati ya 1982 na 1988, ambako walipelekwa watoto wapatao 900. Hao walisindikizwa na walipokewa kwa ratiba, ingawa wa Staßfurt walirudi katika nchi yenye vita na bila kazi walizosomea. Habari yao inastahili insha yake.

Sasa nirudi Kurasini. Wiki moja kabla ya kuondoka, bibi alinipigia simu kutoka Pemba. Hakuuliza juu ya mitihani. Aliniambia: "Mjukuu wangu, kabla hujapanda basi, nenda ukapaone alipolala babu yako mdogo usiku ule." Nikamwomba mwenzangu mmoja wa chumba, yule aliyeniuliza juu ya samaki, anisindikize. Yeye ni mtu wa Lindi, na njiani nilimweleza yote, pamoja na Palma. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniomba radhi kwa utani wake. Nikamwambia hakuna kosa. Akasema hata kama hakuna, tusamehane, maana unaondoka.

Kurasini ya leo ni malori, makontena na vumbi la bandari. Pana chuo cha diplomasia kilichoanzishwa mwaka 1978 na serikali za Tanzania na Msumbiji kwa pamoja. Tulisimama upande wa pili wa barabara tukakitazama. Mlinzi akatuuliza tunamtafuta nani. Mwenzangu akajibu kabla yangu: "Mwanafunzi wa zamani." Mlinzi akauliza wa mwaka gani. Nikasema 1968. Akatutazama usoni, mmoja baada ya mwingine, akahesabu moyoni, akacheka, kisha akatuletea benchi tukae kivulini.

Alfajiri ya siku iliyofuata nilipanda basi la Mtwara. Kutoka huko nilipita Masasi na Mtambaswala, nikavuka Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010, nikaingia Negomano, kisha Mueda, kisha Montepuez, na siku ya nne nikafika Pemba. Mama alikuwa amepika samaki. Bibi aliniacha ninawe mikono, akauliza kama nilikwenda. Nikamwambia nilikwenda. Akauliza kama bweni lina madirisha makubwa. Nikamweleza kwamba hatukuingia ndani, tulikaa nje kwenye benchi na kijana wa Lindi.

"Mliagana naye vizuri huyo kijana?" akauliza.

Nikasema ndiyo. Akanisogezea sahani.